Hoteli ya Mlimani na Samaki wa Mkebe

Watu wa rika langu wakikutana Kisumu, hasa wakiwa wameshiba, hupenda kuzisifia hoteli za zamani za mlima wa Riat. Watakwambia kulikuwa na hewa safi, vitambaa vyeupe mezani, chai ya birika la fedha, na magari yaliyopanda kutoka mjini kila Jumapili kama msafara wa harusi. Mimi huwaacha waseme. Wengi wao hawakuwahi kuvuka mlango wa hoteli hizo. Walizitazama kutoka barabarani wakiwa na kuni kichwani. Mimi nilikuwa ndani. Nilivaa aproni yao na kubeba sahani zao, na naweza kusema bila kuapa kwamba chakula kilikuwa kibaya, vitanda vilikuwa na unyevu, na waliokuwa wenye mali pale, wa kwanza na wa pili, hawakustahili hata jiko la mahindi ya kuchoma.

Barabara ya siku hizo ilipanda mlima kwa kona kali, na gari lililofika juu lilikuwa limechemka kama sufuria. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yetu yote. Si mandhari, si mapishi. Magari yalichemka yakasimama, na wenye magari wakishasimama wakaona kiu. Kwenye kona ya chini alikaa Mhindi mmoja mwenye pampu ya petroli na mkahawa wa sambusa. Kwenye kona ya juu mama mmoja aliyetoka Mkoa wa Kati aliuza chai na mandazi kwa madereva wa malori. Katikati, mahali pa fahari, ndipo ilipokuwa hoteli yetu: ukumbi wa kulia wenye madirisha makubwa yaliyotazama ziwa, na nyuma yake vibanda vya mawe vya wageni kulala, vimeezekwa nyasi ili Mzungu ajisikie yuko Afrika, na ndani vimetundikwa picha za theluji ili asijisikie hivyo kupita kiasi.

Nilifika pale muda mfupi kabla ya Uhuru, msichana niliyemaliza darasa la saba, kutoka bonde la Kano. Shangazi yangu alikuwa akifua mashuka ya hoteli, naye ndiye aliyenipeleka kwa memsabu, Mzungu mwenye hoteli. Memsabu alikuwa mjane mwembamba, mwenye sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Alinitazama vidole, akanitazama meno, kisha akasema, "Wewe hapana kohoa, hapana cheka, hapana weka kidole ndani ya supu." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata ya kazi ya weita.

Memsabu alikuwa na imani kwamba samaki wa ziwani ana ladha ya matope. Kwa hiyo tulipika samaki wa mkebe, aliyesafiri kwa meli na kwa reli kutoka bahari nisiyoijua, akaja kuliwa mbele ya dirisha ambalo ukilitazama unaona mitumbwi ya wavuvi ikirudi na ngege, samaki mtamu kuliko wote wa ziwa letu. Kabichi ilichemshwa mpaka ikakata tamaa. Nyama ya kondoo ilikuwa ya kijivu. Na wageni walikula! Walikula, wakapangusa midomo, wakasema kitu cha kusifia kwa Kiingereza, wakatoka kwenye veranda kutazama ziwa kana kwamba ni wao waliolichimba. Mwanzoni niliwaogopa. Baadaye niliona jinsi walivyokuwa wakificha mafupa chini ya viazi ili memsabu asijue hawakumaliza, na hofu ikaniisha. Mtu mzima anayeogopa mwenye hoteli ni mtu wa kuonewa huruma, na mimi sikuwa na huruma ya kuwapa.

Uhuru ulipokuja, memsabu hakupiga kelele. Aliuza hoteli, akafunga picha moja tu ya theluji katika gazeti, akaondoka. Zile nyingine alituachia sisi.

Aliyenunua alikuwa mtu wetu. Nasema "wetu" kwa maana ya lugha na ziwa, si kwa maana nyingine. Alikuwa amekuwa karani katika ofisi moja mjini, kisha akapelekwa Ulaya kwa masomo mafupi, na inaonekana kule alisomea zaidi namna ya kushika kikombe. Tulimwita Bwana kwa sababu alituambia tumwite hivyo. Siku ya kwanza alitukusanya uani, wapishi, wafuaji, mtunza bustani na mimi, na tukadhani atatuambia jambo. Wengine wetu tulikuwa tumeanza kutabasamu.

"Watu wanangoja kuona kama Mwafrika anaweza," akasema. "Kwa hivyo hakuna kitu kitabadilika hapa. Hata kijiko."

Na kweli, hakuna kilichobadilika, ila kiliongezeka. Memsabu hakuwa amewataka wageni wavae tai, huyu aliwataka. Memsabu hakujali tukizungumza Kijaluo jikoni. Huyu alikataza Kijaluo kisisikike kuanzia jikoni mpaka veranda. Kukohoa tu ndiko kulikoruhusiwa kuwa kwa lugha ya mama. Samaki wa mkebe akabaki. Mara moja mpishi alithubutu kukaanga ngege wawili waliotoka ziwani asubuhi ile, wakaletwa mezani wakinukia kitunguu na nyanya. Bwana alimwita mpishi mbele ya wageni.

"Hii ni hoteli," alimwambia. "Si pwani ya wavuvi wa Dunga."

Nilikuwa nimesimama na sinia mkononi. Niliona wageni, Waafrika wawili wa ofisi za serikali waliovaa tai, wakiitazama ile sahani ikirudishwa jikoni kama watoto wanaonyang'anywa kitu. Waliletewa kabichi, wakaila.

Kuna mwaka mvua zilifululiza na mito ya Kano ikafurika. Kutoka kwenye veranda yetu uliweza kuona upande wa Ahero umegeuka bati moja la maji, miti imesimama ndani yake mpaka kifuani. Jumapili moja wakati wa chakula cha mchana, ukumbi ukiwa na watu, mlango wa mbele ulifunguliwa na akaingia mwanamke mzee. Alikuwa peku, matope yamemkaukia miguuni kama soksi, kapu kichwani na kuku chini ya kwapa. Alisimama katikati ya zulia, akatazama kushoto na kulia, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Alikuwa amemwona aliyemtafuta.

Bwana alikuwa akizungumza na Wazungu wawili, mume na mke. Aliinuka polepole. Aliwaambia kitu kwa Kiingereza, wakatabasamu. Kisha akamwendea yule mzee, na kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo, akamwambia, "Mama, wenye kuuza kuku wanapitia mlango wa nyuma."

Mimi nilijua. Sote tuliokuwa tukihudumu siku ile tulijua. Walifanana kama vikombe viwili, yeye na yule mzee, paji la uso lile lile, sikio lile lile lililochomoza. Na hata kama hawangefanana, hakuna mtu anayemtazama muuza kuku kwa hofu namna ile.

Mama mzee alimsogeza kuku wake vizuri chini ya kwapa. Kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Sawa, Bwana. Mimi nitapita nyuma." Akageuka na kuku wake, akatoka.

Niliweka sinia chini nikamfuata, bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni akijipangusa matope kwa jani la mgomba. Nilimpa maji. Aliyanywa yote, akarudisha kikombe, akacheka. Nilitegemea machozi, yeye akacheka.

"Huyo bwana wenu," akaniambia kwa Kijaluo, kwa sauti iliyofika mpaka ukumbini, "alizaliwa miguu ikitangulia. Mkunga alisema mtoto kama huyu ataupa ulimwengu mgongo. Mimi nikadhani anasema mambo ya kuzaa tu."

Alikaa kwetu mpaka maji yalipopungua, katika nyumba ya kufulia, pamoja na shangazi yangu. Bwana alikuja kumwona. Alichagua saa za asubuhi ambapo mashuka yalikuwa yameanikwa, akasimama katikati ya kamba mbili ambapo hakuna aliyeweza kumwona kutoka ukumbini, akazungumza na mama yake kati ya nguo nyeupe. Nilimsikia mara moja akisema, "Mama, wewe huelewi biashara," na mama akamjibu, "Nyathina, mtoto wangu, mimi naelewa mlango."

Msidhani kwamba mama huyo alikuwa malaika. Alitutuma kama watoto wake. Alikula sukari ya hoteli kama dawa, akamwambia mpishi kwamba uji wake unafaa kupaka ukuta, na mimi akaniita "mwanamke wa kubeba sahani" siku zote alizokaa pale, ingawa jina langu alilijua. Alipenda kuogopwa, na katika hilo mwanawe alikuwa amemrithi kabisa. Tofauti ni kwamba yeye hakujificha nyuma ya shuka.

Nikamdharau Bwana kuanzia hapo, na dharau ikanipa nguvu ya kufanya kazi vizuri. Ni jambo la ajabu, lakini mtu anayemdharau tajiri wake huwa hatetemeki akimimina chai.

Baada ya mafuriko wapimaji wa barabara walianza kupita. Walikuja na vijiti vyao na bendera nyekundu, lakini hawakupanda kwetu. Walizunguka chini, upande wa pili wa mlima, wakipiga vigingi porini. Mhindi wa kona ya chini aliteremka kwa miguu akawafuata, akawapa soda na sambusa, akawauliza wanakopita, akarudi. Wiki ile ile alianza kung'oa pampu yake. Kabla hajaondoka alipanda mpaka hotelini, na akiwa amesimama nje, kwa sababu hakuwa na tai, akamwita Bwana.

"Bwana, sisi nahama. Wewe pia hama. Barabara mpya napita chini, iko lami mzuri, gari hapana chemka tena. Gari kama hapana chemka, nani nakunywa chai yako?"

Bwana alimcheka. Alituambia baadaye jikoni kwamba Wahindi ni watu wa kuogopa kivuli, na kwamba yeye ana marafiki Nairobi ambao hawawezi kuruhusu barabara ipite mbali na hoteli ya Mwafrika. Yule mama wa Mkoa wa Kati wa kona ya juu hakuwa na marafiki Nairobi. Alikunja meza zake, akashuka. Mlimani tukabaki sisi.

Tingatinga na greda zilipofika, dereva mmoja wa greda alikuja juu siku ya Jumamosi akitaka chakula. Alikuwa amejipangusa uso tu. Shingo na mikono ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Bwana alikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza nilimwona akikosa uamuzi, maana alitaka kumfukuza na pia alitaka habari.

"Ninyi mnapitisha barabara wapi?" akamwuliza.

"Chini, Bwana. Mnaweza kuona kutoka hapa."

"Najua mlipoanzia. Nauliza itarudi kwangu wapi."

"Hairudi."

"Haiwezekani. Hoteli hii inajulikana."

Dereva alitazama ukumbi, meza tupu zenye vitambaa, mimi nikiwa nimesimama na aproni yangu. "Bwana," akasema kwa upole, "barabara haina uso. Haioni haya kumpita mtu."

Bwana akamwambia viatu vyake vinachafua zulia. Nilimpa yule dereva ugali na maharagwe ya wafanyakazi kule nyuma, na mama mzee, aliyekuwa amekuja tena kumsalimia mwanawe na kula sukari, akamkagua kama ng'ombe wa mahari. "Huyu ana mikono," akaniambia mbele yake. "Wangu ana vidole tu." Dereva aliona haya. Mimi sikuona haya, na miaka michache baadaye tulioana, lakini hayo hayahusu hoteli.

Lami ilipokamilika, wageni walipungua kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Kwanza wakakosekana wa katikati ya wiki, kisha wa Jumamosi. Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka Nairobi atapita kwenda kufungua shule ng'ambo ya mlima. Karani fulani mjini alikuwa amemwambia Bwana kwamba huenda mkubwa atapenda kupumzika njiani. Bwana hakulisikia neno "huenda." Alisikia mengine yote.

Sijaona mtu akifanya kazi vile. Aliazima zulia jekundu kutoka mjini. Mawe ya kandokando ya njia yalipakwa chokaa, na yaliyokuwa yamepakwa yakapakwa tena. Fahali alichinjwa. Mikebe ya samaki ilifunguliwa kwa wingi na samaki akapangwa kwenye sahani ndefu, amezungushiwa matango, kama maiti ya mtu muhimu. Mwalimu wa shule ya karibu aliombwa alete watoto na bendera za karatasi, na akina mama wa kwaya ya kanisa wakaja na sare zao za bluu. Mama mzee pia alikuja, amevaa gauni jipya na, nakiri, viatu. Mwanawe alimtazama viatu, akafurahi, akamwonyesha mahali pa kukaa: kwenye nyasi, na kwaya.

"Nikae na kwaya?" akauliza. "Mimi siimbi."

"Utakuwa karibu, Mama. Utaona kila kitu."

Tulipanga mstari kando ya barabara ya zamani. Jua lilipanda. Watoto walianza kupeperusha bendera kabla ya wakati, wakakemewa, wakachoka, wakaanza kuzitafuna. Kwaya iliimba wimbo wake wa kukaribisha mara kadhaa kwa ajili ya mazoezi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Bwana alisimama mwanzo wa zulia akiwa na karatasi ya hotuba. Alikuwa amevaa suti nzito ya Ulaya, na jasho lilimtoka mpaka kola ikalainika.

Mtoto mmoja ndiye aliyeona. "Wale! Wale pale!"

Hakuwa akionyesha barabarani. Alikuwa akionyesha chini, upande wa bonde. Tuligeuka sote. Kwenye lami mpya, mbali chini yetu, magari meusi yalikuwa yakipita moja nyuma ya jingine, taa zikiwaka mchana, yanateleza bila sauti kama mchwa kwenye ukuta. Hayakupunguza mwendo. Yalizunguka bega la mlima, la kwanza likatoweka, la pili likatoweka.

"Wanapita kugeuzia kule mbele," Bwana akasema. "Watarudi kwa barabara ya juu. Simameni sawasawa."

Tukasimama sawasawa. Nina aibu kusema kwamba hata mimi nilinyoosha aproni yangu. Gari la mwisho lilipotea nyuma ya mlima, na kukabaki lami tupu inayong'aa, na mtu mmoja anayeendesha baiskeli juu yake. Kwaya, kwa kukosa amri nyingine, ikaanza kuimba tena ule wimbo wa kukaribisha. Mwalimu aliwapungia mkono wanyamaze. Hakuna aliyemtazama Bwana usoni, ila mimi. Nilimtazama vizuri. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa muda mrefu.

Mama mzee aliinuka kwenye nyasi. Alivua viatu, maana vilikuwa vimemwumiza, akavishika mkononi, akapita mbele ya mwanawe bila kumgusa, akatembea juu ya zulia jekundu mpaka ndani. Tulimfuata kwa macho. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa kilichowekewa mgeni, chenye mto wa kijani, akaketi, akaweka viatu juu ya kitambaa cheupe, na akaita kwa Kijaluo kwa sauti ile yake ya kuvukisha mto:

"Leteni chakula! Mgeni amefika!"

Hakuna aliyesogea mara moja. Kisha mama mmoja wa kwaya akacheka, akaingia. Akafuata mwingine. Watoto hawakungoja kuambiwa. Walimwagika kupitia mlango wa mbele na miguu yao mitupu, na zulia la kuazima likabadilika rangi. Nilirudi jikoni nikaanza kubeba sahani. Nilibeba nyama, wali, viazi, na sikuwahi kubeba kwa furaha namna ile. Kijaluo kilijaa ukumbini mpaka madirisha yakatetemeka. Nyama iliisha. Samaki wa mkebe hakuguswa. Mtoto mmoja alimwonja, akamtema kwenye bendera yake.

Bwana alibaki kwenye veranda. Alikuwa akiikunja ile hotuba, anaikunjua, anaikunja tena. Mama yake alimtazama kupitia dirishani kwa muda, mdomo ukitafuna. Kisha akachukua sahani, akaijaza nyama ya mbavu kwa mkono wake, akanipa.

"Mpelekee. Hajala tangu asubuhi, namjua."

Nilimpelekea. Nilitarajia ataitupa. Aliipokea bila kunitazama, akala akiwa amesimama, kwa vidole, haraka haraka, akiupa ukumbi mgongo.

Ningependa kusema kwamba siku ile ilimbadilisha. Haikumbadilisha. Kesho yake alitukemea kwa sababu ya zulia. Alilaumu barabara, akalaumu Nairobi, akamlaumu Mhindi kwamba alihonga wapimaji kwa sambusa, akamlaumu memsabu kwa kumwuzia. Akaamua kwamba tatizo ni wageni wenyewe, hawajui vitu vizuri. Ukumbi ukawa baa. Redio ikawekwa pale palipokuwa na sahani za keki, ikapigwa kwa nguvu ili ionekane kuna watu. Vibanda vikaanza kupokea wageni wa saa moja moja, wanaume wa mjini waliokuja na wanawake wasio wao, na Bwana, ambaye alikuwa amemkataza mama yake mlango, aliwafungulia hao na kuwaita "sir." Paa za nyasi zikaoza. Popo wakaingia. Asubuhi moja nilikuta mbuzi amelala juu ya kitanda, chini ya picha ya theluji, na nikafikiri kwamba huyu ndiye mgeni wa kwanza aliyekuwa akikipenda kitanda kile kwa moyo wake wote. Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiacha jikoni. Niliondoka na dereva wangu wa greda, ambaye kazi ilikuwa imempeleka upande wa Ahero, na kwa miaka mingi sikupanda Riat tena.

Nilisikia tu. Nilisikia kwamba mabati ya jikoni yameuzwa, kisha milango, kisha fremu za yale madirisha makubwa. Watu wa mtaa wa Obunga, chini ya mlima, walikuwa wakinionyesha nyumba na kusema, dirisha hili ni la hoteli ya mlimani, na kwa kweli lilikuwa limekaa vizuri kwenye ukuta wa udongo kuliko lilivyokaa kwenye fahari yake. Mama mzee alifariki nyumbani kwake Kano. Nilikwenda mazishini. Mwanawe alilia sana, kwa sauti, kwa Kijaluo, na hakuna aliyemcheka, wala mimi.

Katikati ya miaka ya sabini mume wangu aliitwa na wakubwa wake wa kazi kwenye sherehe katika hoteli moja kubwa mjini Kisumu, karibu na ziwa, nasi wake zao tukaruhusiwa kwenda. Tuliketi. Weita akaja na sinia, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, nywele zimeanza mvi. Alikuwa yeye, Bwana.

Nilijitayarisha. Nilikuwa na maneno mengi, niliyoyapanga kwa miaka nikimenya viazi. Lakini alikuwa amenitambua kabla yangu, na hakutahayari hata kidogo. Aliinama, akaniwekea kikombe upande wa kulia, kishikio kimeelekea mkono wangu.

"Karibu, Mama," akasema. "Leo tuna ngege, ametoka ziwani asubuhi. Nikuletee?"

"Niletee," nikasema.

Akamleta. Alimtoa mfupa mbele yangu kwa uma na kijiko, harakaharaka, bila kuvunja nyama, akamwuliza mume wangu kama anataka pilipili, akamwona mtoto wa meza ya jirani akitaka kuangusha glasi akaisogeza bila kukatiza mazungumzo. Alitembea kati ya meza zile kama mtu anayetembea katika shamba lake. Nimefanya kazi hiyo, nami najua: sijawahi kumwona weita bora kuliko yeye, wala aliyefurahia kazi kama yeye.

Mume wangu, ambaye hana kisasi na mtu, aliniuliza njiani kama hatimaye nimemsamehe. Nikamwambia hapana. Nikamwambia ndiyo kwanza nimeudhika. Mtu aliyeumbwa kubeba sinia vizuri namna ile alipoteza ujana wake, na wetu, na mlima mzima, akitaka kubebewa.